UFIZI WA MBANGUAJI KOROSHO
(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Lupaso, Wilaya ya Masasi)



Mtu asiye mwenyeji wa kusini akisikia jina la Lupaso hukumbuka tarehe 29 Julai 2020, siku alipozikwa hapa Rais wa awamu ya tatu, Marehemu Benjamin William Mkapa. Mwenyeji naye anaikumbuka siku hiyo, lakini jambo linalomshughulisha mwaka hadi mwaka ni korosho. Tangu Masasi hadi Newala, na juu yote ya uwanda wa Makonde, korosho ndiyo iliyoezeka nyumba kwa bati, ikalipa karo, ikamvisha mtoto sare. Mazungumzo haya yanamhusu mtu anayeibangua korosho hiyo, na hasa sehemu moja ya mwili wake ambayo haitajwi katika mkutano wowote wa kazi, yaani ufizi.

Hapana shaka wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno. Malaria huua, kifua kikuu huua, lakini nani amepata kusikia kwamba fulani amekufa kwa ufizi? Hoja hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, mfanyakazi mwenye umri wa miaka arobaini ambaye magego yake yameng'oka hawezi tena kutafuna mhindi wa kuchoma wala muhogo mkavu, wala hiyo korosho anayoibangua kwa mikono yake. Huyo ambaye kinywa chake kinatoa harufu hujifunza kukaa nyuma mkutanoni na kuziba mdomo anaposema, na mwisho huacha kusema kabisa. Na ikiwa ana ugonjwa wa kisukari, basi ufizi mbovu huifanya sukari yake iwe ngumu kutawaliwa, na sukari iliyopanda nayo huzidi kuuharibu ufizi. Magonjwa hayo mawili hulishana.

Kazi ya viwanda vya korosho katika sehemu hii si jambo geni. Mavuno ya korosho ya Tanzania yalifikia kiasi cha tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, na ikaonekana ni aibu kwamba karibu zote zilikuwa zikipelekwa India zikiwa ghafi ili zibanguliwe huko. Kwa hiyo vikajengwa viwanda, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilifika kumi na viwili, vikiwamo vya Masasi, Newala, Mtwara, Nachingwea, Mtama na Tunduru. Bahati mbaya wakati viwanda vilipokamilika, korosho zenyewe zilikuwa zimekwisha kupungua sana, na baadaye mitambo mingi ikasimama na majengo yakageuzwa maghala. Habari hiyo ni ndefu na inastahili mazungumzo yake yenyewe. Inayohusika hapa ni kwamba kazi ya kubangua haikufa. Imerudi katika viwanda vikubwa na vidogo na katika vikundi vya vijijini, na sehemu kubwa ya wanaoifanya kwa mikono ni wanawake.

Sasa, ufizi huharibikaje? Usiku na mchana vijidudu hujishika juu ya meno na kutengeneza utando laini unaoitwa ukoga. Mtu anaweza kuuhisi kwa ulimi asubuhi kabla hajapiga mswaki. Ukoga ukiachwa karibu na ufizi, mwili hujaribu kupigana nao, damu hujaa mahali pale, ufizi huvimba, huwa mwekundu, na ukiguswa hutoka damu. Ukoga ukizidi kuachwa hushika chumvichumvi za mate na kuwa mgumu kama jiwe. Huo ndio ugaga, ambao hauondoki kwa mswaki wowote na hauna budi kukwanguliwa na mtaalamu. Kwa baadhi ya watu ugonjwa huishia hapo. Kwa wengine hushuka chini, ukala mfupa unaolishika jino, na jino hulegea kidogo kidogo kwa miaka mingi. Yote hayo hutendeka bila maumivu yanayostahili kuitwa maumivu. Jino lililotoboka humwamsha mtu usiku na kumkimbiza hospitali, lakini ufizi hunyamaza, na kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba kung'oka meno ni sehemu ya uzee kama mvi.

Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1965 na mtaalamu wa Norway, Harald Löe, alipokuwa akifanya kazi Aarhus, Denmark. Aliwachukua watu kumi na wawili wenye fizi nzima, akawaomba waache kusafisha meno yao. Kati ya siku ya kumi na siku ya ishirini na moja, wote walikuwa wamevimba fizi. Kisha akawarudishia miswaki, na kwa muda wa kama wiki moja fizi zao zikarudi katika hali yake ya kwanza. Kwa hiyo uvimbe wa ufizi ulio mchanga unaponyeka bila sindano na bila dawa ya kununua, mradi ukoga uondolewe kila siku.

Hapo ndipo lilipo kosa kubwa kuliko yote, nalo linatendwa na watu wenye akili timamu na nia njema. Mtu akiona damu kwenye mswaki hufikiri kwamba mswaki ndio uliomjeruhi. Basi huacha kupiga mswaki mahali pale ili ufizi upumzike. Ukoga huzidi, uvimbe huzidi, damu huzidi, naye huzidi kuogopa. Mbanguaji anayetema mate mekundu asubuhi na kusema, "Leo sipigi mswaki, fizi zangu zinauma," amekata dawa yenyewe. Anachotakiwa kufanya ni kinyume: kusafisha pale panapotoka damu, kwa upole lakini bila kuruka siku, na kungoja wiki moja au mbili. Damu ikiendelea baada ya hapo, basi aende hospitali. Laiti kila mwalimu wa wilaya hii angekuwa na nafasi ya kuwaeleza wazazi jambo moja tu juu ya kinywa, lingefaa kuwa hili.

Wako watakaouliza kama kweli ufizi hutofautiana kati ya mfanyakazi na mfanyakazi. Jibu limo katika uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya chai ya Sri Lanka. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, Löe huyo huyo na wenzake waliwafuata vibarua wanaume 480 ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala hawakupata tiba yoyote ya meno. Kazi yao ilikuwa moja, chakula kilikuwa kimoja, na vinywa vyote vilijaa ukoga na ugaga. Hata hivyo, kati ya kila mia, wanane waliharibikiwa upesi, themanini na mmoja waliharibikiwa polepole, na kumi na mmoja hawakupita hatua ya uvimbe wa kawaida. Tanzania nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1986 watafiti Baelum, Fejerskov na Karring walitoa taarifa juu ya watu wazima wa nchi hii, nao walikuta ukoga na ugaga kwa wingi, lakini waliopoteza meno mengi walikuwa wachache, na sehemu kubwa ya uharibifu ilikuwa imewaangukia watu wasio wengi.

Maana ya habari hizi mbili yafaa ieleweke vizuri. Maneno ya kutisha kwamba kila asiyepiga mswaki atakuwa kibogoyo si ya kweli, na mwananchi anayaona kuwa si ya kweli, kwa kuwa babu yake hakuwa na mswaki wa dukani na alikufa na meno yake. Lakini wale wanane katika mia wapo, na hakuna anayejua mapema kuwa yeye ni mmoja wao. Katika kiwanda chenye watu mia mbili, hesabu ya namna hiyo ingekuwa watu kumi na sita. Ndipo mazoea ya maisha yanapopata uzito wake, kwa sababu yako mazoea yanayomsukuma mtu kutoka kundi la polepole kwenda kundi la upesi.

La kwanza katika hayo ni tumbaku. Mwaka 2004 ripoti ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani ilihitimisha kwamba uvutaji wa sigara ni chanzo cha ugonjwa wa ufizi unaokula mfupa. Tena tumbaku ina hila ya pekee: hubana mishipa midogo ya damu, hivyo ufizi wa mvutaji hautoki damu sana hata ukiwa umeoza. Mvutaji hujitazama kwenye kioo, haoni wekundu, akajisifu. Jirani yake asiyevuta anatema damu na kujihadhari, kumbe aliye taabani ni yule mwingine. Tumbaku ya kutafuna na ugoro wa kuweka mdomoni navyo havina heri, maana hukaa mahali pamoja na kuunguza ufizi hadi ukajivuta na kuliacha shina la jino wazi. Mzee aliyezoea ugoro kwa miaka thelathini hataacha kwa hotuba moja. Kijana wa zamu ya usiku aliyeanza kuvuta mwaka jana ili asisinzie anaweza kuacha, na huyo ndiye wa kuanza naye.

La pili linahusu bibo. Kila msimu, chini ya mikorosho ya Masasi na Newala, huanguka mabibo mengi hata mtu hukosa mahali pa kukanyaga. Korosho hukatwa, bibo huachwa lioze au hukamuliwa likawa uraka, na uraka mwingine hupikwa ukawa gongo. Bibo bichi lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa. Vitamini hiyo ndiyo inayoushika ufizi usilegee. Mtu akiikosa kabisa kwa miezi hupatwa na kiseyeye, fizi zikavimba na kutoa damu, kama walivyopatwa mabaharia wa Uingereza kabla daktari James Lind hajawajaribu kwa machungwa na ndimu mwaka 1747. Kiseyeye cha namna hiyo si cha kawaida hapa, wala si haki kudai kwamba kula mabibo kutaponya ufizi uliojaa ukoga. Lakini inashangaza kuona mbanguaji akinunua soda na kupita juu ya tunda hilo, kisha jioni akalinywa likiwa limekwisha kugeuzwa gongo, ambamo hakuna vitamini C hata chembe. Ukakasi wa bibo unajulikana. Wenyeji wanajua pia kwamba chumvi kidogo huupunguza.

Juu ya mswaki, maneno hayana haja ya kuwa mengi. Kijiti cha mti ni mswaki halali, na Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1987 pale kilipo cha desturi. Kitafunwe ncha mpaka kiwe na nyuzi laini, kisha kisugue jino kuanzia kwenye ufizi kwenda kwenye ncha, ndani na nje, na magego yasisahauliwe, maana kijiti hupenda kuishia kwenye meno ya mbele yanayoonekana mtu akicheka. Kusugua kwa nguvu kwenda kushoto na kulia, au kutumia mchanga na mkaa uliosagwa vibaya, huula ufizi badala ya kuulinda. Dawa ya meno yenye floridi ni nzuri kwa kuzuia meno kutoboka, lakini asiyekuwa na fedha ya kuinunua asiseme kwamba hana la kufanya. Kinachouponya ufizi ni ule msuguo. Mama mjamzito naye ajue kwamba fizi zake zitavimba kwa urahisi zaidi wakati huo, na kwamba hiyo ni sababu ya kuzisafisha kwa uangalifu zaidi.

Mpaka hapo mfanyakazi ndiye aliyeambiwa. Lakini kumhukumu mbanguaji kwa mazoea yake bila kuitazama kazi inayomlea mazoea hayo si haki.

Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi. Kila mtoto wa Lupaso aliyewahi kung'ata korosho mbichi kwa pupa anayafahamu, kwa midomo iliyobabuka. Mbanguaji wa mikono hupaka mafuta ya nyonyo au majivu, au huvaa glavu zikiwapo, na bado vidole vyake huwa vyeusi. Mtu wa namna hiyo hawezi kutia mkono kinywani saa za kazi, wala haifai afanye hivyo. Pia, mahali pengi mbanguaji hulipwa kwa uzito wa korosho alizobangua. Kila dakika anayosimama ni gramu zinazopungua kwenye mizani. Hula haraka, tena mara nyingi vitu laini na vitamu vinavyonata kwenye meno, kwa kuwa havihitaji kukaa kitako. Akitoka amechoka. Usiku, ambao ndio wakati muhimu kuliko wote wa kuondoa ukoga, hulala kama alivyo.

Kisha kuna suala la maji. Uwanda wa Makonde unajulikana tangu zamani kwa ukame wa juu yake. Akina mama walishuka mabondeni alfajiri na kupanda na mitungi kichwani. Mradi mkubwa wa maji wa Makonde ulianzishwa miaka ya 1950, na umekuwa ukitengenezwa na kupanuliwa mara kwa mara tangu hapo, lakini bado ziko nyumba ambamo ndoo moja hugawanywa kati ya chungu, mtoto na mgonjwa. Mtu aliyekulia katika hesabu hiyo haoni kuwa kinywa kina fungu lake. Yafaa aambiwe waziwazi kwamba kikombe kimoja kinatosha kabisa, tena nusu yake ni ya kusuuza mswaki.

Kwa hiyo mtumishi wa umma anayekagua kiwanda, awe ofisa afya, ofisa kazi au mtendaji wa kata, hana budi kuongeza maswali machache katika ukaguzi wake. Je, pana mahali pa kunawa mikono kwa sabuni karibu na pale wanapolia chakula, au bomba liko nje ya uzio? Je, mapumziko ya chakula yanahesabiwa, au mbanguaji huyalipia kwa uzito uliopungua? Je, mgonjwa wa kinywa hupewa ruhusa ya kwenda hospitali ya wilaya kabla jino halijalegea, au huruhusiwa pale tu uso unapovimba? Mara nyingi mgonjwa hufika akiwa amechelewa, na kinachobaki ni kung'oa. Mtaalamu wa meno katika wilaya ni mmoja au wawili kwa watu maelfu kwa maelfu, ingawa Muhimbili imekuwa ikifundisha madaktari wa meno tangu mwaka 1979. Hawezi kuwakwangua ugaga watu wote. Anachoweza ni kuwashughulikia wale wachache wanaoharibikiwa upesi, endapo mtu mwingine atawatambua mapema na kuwapeleka kwake.

Huyo mtu mwingine anaweza kuwa mwalimu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kuizunguka redio, katika vikundi vilivyoongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Hakuna aliyengoja daktari afike. Wilaya ya Masasi ina historia yake pia katika jambo hili: Leader Stirling, Mwingereza aliyefika mwaka 1935 na kufanya upasuaji Lulindi kwa miaka mingi katika mazingira ya kijijini kabisa, ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980. Vifaa vinavyohitajika kwa ufizi ni vichache mno kuliko alivyohitaji yeye. Mwalimu akimwomba mzazi afunue mdomo na kujitazama katika kipande cha kioo, maswali matatu yatamtosha: damu hutoka akisugua? Jino linatikisika likisukumwa kwa kidole? Ufizi umejivuta kiasi cha kuonyesha shina? Jibu la ndiyo kwa la kwanza ni kazi ya mswaki nyumbani. Jibu la ndiyo kwa la pili au la tatu ni safari ya hospitali wiki hiyo hiyo.

Msimu wa korosho huanza mwezi wa Oktoba. Kabla ya hapo, kila mahali pa kubangulia panaweza kuwekewa pipa la maji lenye koki, sabuni, na kibao cha kutundikia miswaki yenye majina, na mwisho wa zamu zikatengwa dakika tano za kunawa mikono kwanza na kinywa baadaye. Gharama yake haifiki bei ya gunia moja. Na ikiwa msimamizi wa zamu atasema kwamba dakika hizo zitapunguza korosho za siku, basi na apime siku sita bila pipa na siku sita pamoja na pipa, aandike daftarini. Mizani anayo pale pale.